Mitandao ya Kijamii na Maktaba za Vyuo Vikuu: Mfano wa Msomaji wa Ogembo

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi maktaba za vyuo vikuu ziliishi kwa kuiamini methali hiyo. Jengo lilisimama katikati ya chuo, vitabu vikapangwa katika rafu, naye mkutubi akaketi nyuma ya meza yake akimngojea msomaji. Ilichukuliwa kwamba mwenye kiu ya elimu angekifuata kisima kwa miguu yake mwenyewe. Hali imebadilika. Sehemu kubwa ya maji ya kisima hicho haimo tena ndani ya jengo: majarida ya kitaaluma, tasnifu na vitabu vingi husomwa kwa njia ya intaneti. Mwenye kiu naye mara nyingi yuko mbali na chuo, na simu yake ya mkononi ndiyo dirisha lake la kwanza la kuutazamia ulimwengu.

Makala haya yanaeleza jinsi maktaba za vyuo vikuu zinavyotumia mitandao ya kijamii kuwafikia wasomaji wake, manufaa yanayotokana na matumizi hayo, na vikwazo vinavyoyakabili. Ili mjadala usielee hewani, msomaji anayechukuliwa kuwa mfano ni mwanafunzi anayeishi Ogembo, mji ulio katika barabara ya kutoka Kisii kwenda Kilgoris, ambao hapo awali ulikuwa makao makuu ya Wilaya ya Gucha na sasa umo katika Kaunti ya Kisii. Swali kuu ni hili: je, ukurasa wa maktaba katika mtandao wa kijamii unampa mwanafunzi huyo kitabu alichokikosa, au unamwonyesha tu picha ya jengo asiloweza kulifikia?

Usuli wa Mitandao ya Kijamii katika Maktaba

Mtandao wa kijamii hutofautiana na tovuti ya kawaida kwa jambo moja la msingi. Katika tovuti, mwenye tovuti husema na mgeni husoma. Katika mtandao wa kijamii, kila aliyejiunga anaweza kusema, kujibu, kusambaza na kukosoa. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, na hapo mwanzo ilikuwa ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard pekee. YouTube ilifuata mwaka 2005, Twitter mwaka 2006, WhatsApp mwaka 2009 na Instagram mwaka 2010. Twitter ilibadilishwa jina mwaka 2023 na kuitwa X. Inafaa kukumbuka kwamba mtandao mkubwa kuliko yote ulizaliwa katika mabweni ya chuo kikuu. Wanafunzi waliutangulia ukumbi huo, wakutubi waliwafuata.

Katika taaluma ya ukutubi, fikra ya kumshirikisha msomaji kwa njia ya intaneti ilipata jina mwaka 2005, pale mkutubi wa Marekani, Michael Casey, alipoanza kuzungumzia maktaba ya kizazi cha pili. Hata hivyo, mzizi wa fikra hiyo ni wa kale zaidi. Mwaka 1931, S. R. Ranganathan, mkutubi maarufu wa India, alitoa kanuni tano za ukutubi. Kwa ufupi, alishikilia kwamba vitabu vipo ili vitumiwe, kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake, kwamba wakati wa msomaji usipotezwe, na kwamba maktaba ni kiumbe kinachokua. Mitandao ya kijamii haikuleta kanuni mpya. Ilileta njia mpya ya kuzitimiza zile za zamani, hasa ile inayohusu wakati wa msomaji.

Nchini Kenya, njia ilisafishwa kwa hatua. Mtandao wa elimu uitwao KENET uliundwa mwaka 1999 ili kuviunganisha vyuo na intaneti. Mwaka 2003, maktaba ziliunda muungano wao, KLISC, ili kushirikiana katika kugharamia majarida ya kielektroniki ambayo maktaba moja pekee isingeweza kuyalipia. Mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa ya kasi na nafuu zaidi kuliko ilipotegemea setilaiti. Kwa hiyo, kufikia wakati ambapo wanafunzi wengi walikuwa na simu zenye intaneti, maktaba zilikwisha kuwa na hazina ya kuwapa. Kilichokosekana ni mpiga mbiu.

Ogembo na Umbali wa Maktaba

Chuo kikuu kilicho karibu na Ogembo ni Chuo Kikuu cha Kisii, ambacho nacho kimejengwa kando ya barabara hiyo ya Kilgoris, nje kidogo ya mji wa Kisii. Historia ya chuo hicho ni historia ya elimu kuwasogelea watu. Kilianza mwaka 1965 kikiwa chuo cha walimu wa shule za msingi, mwaka 1983 kikawa chuo cha walimu wa shule za sekondari, mwaka 1994 kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Egerton kuwa tawi lake, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Katika miaka hiyo vyuo vikuu vingi vya Kenya vilifungua matawi katika miji midogo. Baadaye mkondo uligeuka: mwaka 2016, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilikiagiza Chuo Kikuu cha Kisii kuyafunga matawi yake kumi. Yawe yawayo maoni ya mtu kuhusu matawi, jambo moja ni wazi. Tawi likifungwa, rafu za vitabu hurudi mjini, na msomaji wa kijijini hubaki na barabara.

Mchukulie mwanafunzi aliye likizoni Ogembo, au mwalimu anayesomea shahada yake wakati wa likizo za shule. Anaandika tasnifu. Anahitaji sura moja ya kitabu na makala mawili ya jarida. Ili ayapate katika jengo, atapanda matatu, atalipa nauli ya kwenda na kurudi, na atatumia siku ambayo pengine ilikuwa ya kuchuma majani chai au kuuza ndizi sokoni. Akifika na kukuta maktaba imefungwa kwa sababu ya mitihani au ukarabati, hasara yake ni ya pesa na ya siku nzima. Tangazo la mistari miwili lililotumwa usiku uliotangulia lingemwepusha na hasara hiyo. Kwa mkaazi wa mabwenini, tangazo kama hilo ni jambo dogo. Kwa mkaazi wa Ogembo, ni nauli.

Umbali huo ulidhihirika kwa kila mtu mwezi Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kwa muda huo, wanafunzi wote wa Kenya waligeuka kuwa watu wa Ogembo. Maktaba ambayo haikuwa imejenga mazoea ya kuzungumza na wasomaji wake kwa simu ilijikuta ikibisha mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Namna Maktaba Zinavyoitumia Mitandao ya Kijamii

Matumizi ya mitandao ya kijamii katika maktaba za vyuo vikuu yanaweza kugawanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni kutangaza. Maktaba hutangaza saa za kufungua na kufunga, vitabu vipya vilivyopokewa, tarehe za kurudisha vitabu vilivyoazimwa, na majarida mapya yaliyolipiwa. Facebook na X hutumiwa sana kwa kazi hii. Zipo maktaba za Kenya, kwa mfano ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambazo zimefungua kurasa zao wenyewe badala ya kutegemea ukurasa wa chuo kizima, ambamo tangazo la kitabu lingemezwa na matangazo ya michezo, mahafali na karo.

Fungu la pili ni kujibu maswali. Kazi ya mkutubi wa marejeo tangu jadi imekuwa kumsaidia msomaji kugeuza haja iliyofichika kuwa swali linaloweza kutafutiwa jibu. Kazi hiyo sasa hufanyika pia kwa ujumbe. Mwanafunzi huandika kwamba anatafuta vitabu kuhusu fasihi simulizi ya Abagusii. Mkutubi humwuliza kama anakusudia methali, nyimbo au hadithi, kisha humwelekeza kwenye tasnifu zilizohifadhiwa katika hifadhi ya kielektroniki ya chuo. Jibu moja zuri la aina hii lina thamani kuliko picha kumi za jengo. Ubora wake hutegemea muda: swali lililoulizwa Jumatatu na kujibiwa Ijumaa limekwisha kufa.

Fungu la tatu ni kufundisha. Maktaba nyingi zina majarida ya kielektroniki ambayo mwanafunzi anaweza kuyasoma akiwa nyumbani, mradi awe na jina na neno la siri alilopewa na maktaba. Hata hivyo, mwanafunzi asiyejua kwamba hazina hiyo ipo, au asiyejua mlango wake, ni sawa na asiye nayo. Video ya dakika tatu katika YouTube inayoonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kuingia, kutafuta makala na kuyapakua humfikia mwanafunzi saa anayohitaji msaada, na hurudiwa mara nyingi apendavyo bila mkutubi kuchoka. Semina ya mwanzo wa mwaka haina sifa hiyo, kwani hutolewa kabla mwanafunzi hajajua atakachohitaji.

Fungu la nne ni kusikiliza. Hili ndilo fungu linalosahauliwa zaidi. Wanafunzi hulalamika hadharani kuhusu vitabu visivyotosha, taa zisizowaka na intaneti inayokatika. Maktaba inayosoma malalamiko hayo hupata taarifa ambayo awali ingehitaji hojaji na wiki nyingi za kuikusanya. Maktaba inayofuta malalamiko badala ya kuyajibu huwafundisha wasomaji wake kunyamaza, na msomaji aliyenyamaza si msomaji aliyeridhika.

Kwa upande wa WhatsApp, tofauti kati ya kikundi na chaneli yafaa kueleweka. Katika kikundi, kila mwanachama anaweza kuandika, na nambari za simu za wanachama huonekana na wenzao. Chaneli, zilizoanzishwa mwaka 2023, huenda upande mmoja: maktaba hutuma, wafuasi husoma, na mfuasi haoni nambari ya mfuasi mwenzake. Kikundi kinafaa kwa darasa dogo la watafiti wanaofahamiana. Chaneli inafaa kwa matangazo ya maelfu ya watu. Kuchanganya matumizi hayo mawili huzaa kelele: tangazo la vitabu hufunikwa na salamu za asubuhi na biashara za watu, hatimaye wanafunzi hujitoa.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni gharama. Husemwa mara kwa mara kwamba mitandao ya kijamii ni ya bure. Ni ya bure kwa maktaba. Kwa msomaji si ya bure. Kila picha na kila video hula bando aliyoinunua. Maktaba inayotuma tangazo kwa picha nzito, ilhali maneno ishirini yangetosha, humtoza msomaji wa Ogembo kodi bila kukusudia. Nchini Uganda kodi hiyo ilikuwa ya kweli: kuanzia Julai 2018, mtumiaji alitozwa shilingi 200 za Uganda kwa siku ili aruhusiwe kuingia katika mitandao ya kijamii, hadi utaratibu huo ulipoondolewa mwaka 2021 na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando.

Kikwazo cha pili ni kwamba maktaba hupanga nyumba ya mtu mwingine. Mwenye nyumba anaweza kubadilisha masharti, na mlango unaweza kufungwa. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takribani saa sita duniani kote. Nchini Uganda, Facebook ilifungwa mnamo Januari 2021 wakati wa uchaguzi mkuu. Nchini Tanzania, mtandao wa X ulifungwa mnamo Mei 2025. Hapa Kenya, mwaka 2024, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza Telegram isimamishwe kwa muda katika kipindi cha mtihani wa KCSE ili kuzuia udanganyifu. Sababu zilitofautiana, lakini funzo ni moja: maktaba iliyoweka huduma zake zote katika mtandao mmoja imeweka mayai yake yote katika kapu moja, na kapu lenyewe si lake. Zaidi ya hayo, kampuni hizo huchagua nani aonyeshwe nini, na kwa kawaida huyapa nafasi yale yanayochangamsha. Tangazo la jarida jipya la kilimo haliwezi kushindana na vichekesho.

Kikwazo cha tatu ni faragha. Ukutubi una desturi ya zamani ya kutunza siri ya anachosoma mtu. Mwanafunzi anayetafuta vitabu kuhusu ugonjwa, ndoa inayovunjika au siasa hapaswi kuogopa kwamba swali lake litasomwa na kijiji kizima. Mji mdogo kama Ogembo una watu wanaojuana, na kikundi chenye wanachama mia tano si mahali pa siri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu izitumie kwa kusudi lililoelezwa. Kwa hiyo, kumwingiza mwanafunzi katika kikundi bila idhini yake si ukarimu.

Kikwazo cha nne ni hakimiliki. Njia rahisi ya kumfurahisha msomaji ni kumtumia kitabu kizima kilichonakiliwa kwa kamera ya simu. Nakala za namna hiyo huzagaa katika vikundi vya wanafunzi. Maktaba haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mwandishi, na kwa kuwa mwandishi wa kitabu cha Kiswahili asiyelipwa leo hataandika kitabu cha kesho. Kinachowezekana ni kumwonyesha msomaji mlango halali: jarida lililolipiwa, tasnifu iliyo wazi, au kitabu ambacho mwandishi wake ameruhusu kisomwe bila malipo.

Swali la Lugha

Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, lugha ya ukutubi katika vyuo vikuu vya Kenya imebaki kuwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, na lugha hiyo imehamia katika mitandao ya kijamii pamoja na wakutubi wenyewe. Hapa pana nafasi ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuijaza. Maelezo ya jinsi ya kutafuta makala, yakitolewa kwa Kiswahili sahili, humpunguzia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mzigo mmoja kati ya miwili: kujifunza jambo geni kwa istilahi ngeni. Istilahi zenyewe si haba. Maktaba, mkutubi, rafu, faharasa, marejeo, ikisiri, tasnifu na shajara ni maneno yanayofahamika; yanachokosa ni kutumiwa mahali ambapo wasomaji wapo. Vyama vya Kiswahili vyuoni vikishirikiana na maktaba katika kuandaa maelezo hayo, faida itakuwa ya pande zote mbili.

Mambo ya Kuzingatiwa

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, mambo kadhaa yanajitokeza. Kwanza, maktaba ichague mitandao michache inayoweza kuihudumia vyema. Ukurasa uliosusiwa tangu mwaka juzi humwambia msomaji kwamba hata mlango wenyewe umefungwa. Pili, awepo mkutubi aliyekabidhiwa kazi hiyo rasmi na kupewa muda wa kuifanya, wala isiachwe kuwa hisani ya kijana mmoja anayependa simu. Tatu, kila tangazo la muhimu liwekwe pia katika tovuti ya chuo, ambayo chuo kinaimiliki, na kubandikwa ubaoni kwa ajili ya asiye na bando. Nne, maneno yatangulie picha, na picha itangulie video, ili mwenye kidogo asikose. Tano, mafanikio yasipimwe kwa idadi ya wafuasi. Wafuasi elfu kumi wasiosoma hawana uzito wa mwanafunzi mmoja aliyeuliza, akajibiwa, akaimaliza sura yake ya tatu.

Aidha, haifai kusahau maktaba nyingine iliyo karibu. Huduma ya Maktaba za Kitaifa ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, imekuwa na tawi mjini Kisii. Maktaba ya chuo na maktaba ya umma zikitangaziana huduma, msomaji atajua wapi pa kupata kiti, wapi pa kupata kitabu, na wapi pa kupata intaneti, kabla hajatoa nauli.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mitandao ya kijamii si maktaba wala haiwezi kushika nafasi yake. Ni mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini ikilia kila siku bila jambo, watu huziba masikio. Maktaba inayotangaza, inayojibu, inayofundisha na inayosikiliza huwa imelisogeza jengo lake hadi kwenye kiganja cha msomaji. Maktaba inayopamba ukurasa tu imerudi kungoja nyuma ya meza, ila meza yenyewe sasa ni ya kioo.

Kipimo cha haki cha juhudi hizi hakimo katika mji mkuu, ambako maktaba iko ng'ambo ya barabara. Kimo Ogembo, jioni, mvua ikinyesha juu ya mabati, pale mwanafunzi mwenye bando ya kumtosha hadi asubuhi anapoandika swali kwa maktaba ya chuo chake. Akipata jibu kabla bando haijaisha, kanuni ya Ranganathan imetimizwa. Asipolipata, kesho ataamka mapema, atatafuta nauli, na ataifuata barabara kama walivyoifuata waliomtangulia.